Je, Wajua Nanosekunde Ina Urefu Gani?

Je, wajua kuwa Grace Hopper, mtaalamu wa kompyuta wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, alizoea kwenda kwenye mihadhara na shada la nyaya, akawagawia wasikilizaji kila mmoja kipande? Kila kipande kilikuwa na urefu wa sentimita 30 hivi, sawa na rula ya mwanafunzi. Hapo ndipo mwanga unapofika kwa nanosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa kwa bilioni, na umeme hauwezi kuupita.

Waya huo ulianzia kwake mwenyewe. Alikuwa na shahada ya udaktari wa hisabati ya Yale tangu 1934, lakini wahandisi walipomsimulia saketi za nanosekunde, hiyo bilioni ilikataa kumwingia akilini. Akawapigia simu: nikatieni nanosekunde moja mniletee. Wakamletea waya.

Baadaye akawa na mikrosekunde pia, bumba la waya la karibu mita 300. Alitamani kila mwandishi wa programu avishwe shingoni, ajue anatupa nini. Na wakubwa wa jeshi walipolalamika kuwa ujumbe wa setilaiti unachelewa, aliwaonyesha kile kipande kifupi. Setilaiti ya mawasiliano iliyo kilomita 36,000 juu inahitaji vipande kama hicho karibu milioni 120, na hapo ni kwenda tu. Pikosekunde, ambayo ni ndogo mara elfu kuliko nanosekunde, aliigawa kwa pakiti za pilipili manga ya kusaga!

Je, wajua pia kuwa glasi ya maji ya barafu iliwahi kufanya kazi iliyoshinda chati? Chombo cha anga Challenger kililipuka Januari 28, 1986, asubuhi ya baridi kali, wakafa watu 7. Usiku wa kuamkia safari wahandisi walikuwa wametahadharisha, kwa chati na tarakimu, kuwa baridi ingedhuru mipira ya kuzibia maungio ya roketi. Hawakusikilizwa. Mwezi uliofuata, mbele ya kamera, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira huo kwa jiriwa ndogo, akakitumbukiza kwenye glasi yake. Alipokitoa na kulegeza jiriwa, mpira ukabaki umebonyea kwa muda. Nchi nzima ikaelewa.

Maungio yakasanifiwa upya, na vyombo vya aina hiyo havikuruka tena hadi Septemba 1988.