Mashine inanguruma, oksijeni haitoshi

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Mtoto aliyebanwa na nimonia kali huhitaji zaidi ya hapo. Katika hospitali nyingi za wilaya barani Afrika, nyongeza hiyo hutoka kwenye mashine ndogo ya umeme. Huvuta hewa ya wodini na kuipitisha kwa shinikizo katika chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti. Naitrojeni hunaswa humo, na kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 90 hivi.

Ni mashine inayotufaa, kwani haingoji lori la mitungi. Lakini vumbi na unyevunyevu ni adui zake. Sponji yake ya kuchujia hewa yapaswa kuoshwa kila wiki kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe vizuri. Kazi ya dakika chache tu! Isipofanyika, mashine hupata joto na pampu huchoka. Unyevu ukipenya, zeolaiti huharibika.

Na hatari kubwa ni kwamba mashine haizimiki. Inaendelea kunguruma, maji yanatoa mapovu kwenye chupa, mama ameketi na matumaini yake, kumbe kinachoingia puani mwa mwanawe kinakaribia kuwa hewa ya kawaida. Kama king'ora kimekufa, muuguzi hawezi kujua bila kipima oksijeni, na hicho mara nyingi hakikununuliwa.

Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Karibu asilimia 40 havikuwa vikifanya kazi. Uhaba wa mafunzo ulikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Siwabezi wafadhili, lakini mashine ya volti 110 ikiletwa kwenye umeme wa volti 230 bila transfoma, hiyo ni zawadi ya stoo.

Wenzetu wa Malawi, katika mradi wa afya ya mapafu ya watoto ulioanza mwaka 2000, walipeleka mashine hizi hospitali za wilaya pamoja na mafunzo ya kuzitumia na kuzitunza.

Basi kamati ya hospitali inapoalikwa kupokea mashine mpya mbele ya wapiga picha, iulize kwanza sponji ya akiba iko wapi na fedha za vipuri vya mwakani zimeandikwa fungu gani. Na jina la fundi libandikwe ubavuni mwa mashine, pamoja na tarehe atakayorudi.