Mwandishi hujulikana kwa anachokirudia

MWANAFUNZI wa shule ya upili mjini Awendo, Kaunti ya Migori, anapojiandaa kwa mtihani wa fasihi, hukariri orodha ndefu ya mbinu: tashbihi, istiari, tashihisi, takriri na nyinginezo. Orodha hiyo ina manufaa yake. Hata hivyo, mbinu hizo ni mali ya kila mwandishi, na haziwezi peke yake kuonyesha ni nani aliyeandika ukurasa usio na jina.

Kinachomtambulisha mwandishi ni yale anayoyachagua tena na tena. Mathalani, Shaaban Robert (1909-1962) alipenda kuwapa wahusika majina yanayobeba tabia zao, kama vile Utubora na Adili. Sentensi zake huwekwa kwenye mizani, wema ukikabiliana na ubaya, na fundisho halikosekani.

Euphrase Kezilahabi (1944-2020), mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alifuata njia nyingine. Katika Rosa Mistika (1971) sentensi zake ni fupi na maisha yanasimuliwa bila kufunikwa. Katika diwani ya Kichomi (1974) aliacha vina na mizani ya kimapokeo. Kisha katika Nagona (1990) aliingia katika ndoto na mafumbo, hata msomaji wa riwaya ya kwanza angeweza kudhani amekutana na mtu mwingine. Hata hivyo, ufupi wa sentensi na maswali kuhusu maana ya maisha bado vipo. Kwa hivyo, dalili moja haitoshi. Sharti kadhaa zikutanishwe.

Nchini Marekani, makala za kutetea katiba mpya zilichapishwa mwaka 1787 na 1788 kwa jina la kubuni, Publius. Makala 12 kati yake zilizua ubishi: ziliandikwa na Alexander Hamilton au James Madison? Mwaka 1964, wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha utafiti uliohesabu maneno madogo madogo, wakahitimisha kwamba mwandishi alikuwa Madison. Maneno hayo yalifaa kwa sababu mtu huyaandika bila kuyafikiria, na ni vigumu kuyaiga.

Kiswahili nacho kina alama za aina hiyo. Yupo anayeandika "lakini" pale ambapo mwingine huweka "ila". Yupo wa "kwa sababu" na yupo wa "kwani" au "maana". Mmoja husimulia kwa "halafu", mwingine kwa "kisha", na wa tatu huviacha vyote, akaunganisha matukio kwa kiambishi "-ka-".

Jambo hili lina uzito darasani. Insha iliyojazwa misemo ya kukariri hufanana na za wenzake wote, na mwalimu hawezi kujua kama imetoka kwa mwanafunzi, kwa rafiki yake au, siku hizi, kwa programu ya kompyuta. Mwanafunzi wa Awendo anayezungumza Dholuo nyumbani na Kiswahili shuleni ana methali, mifano na mapigo ya usemi ambayo mwenzake wa Lamu hana. Akiyatumia katika Kiswahili sanifu, mwalimu aliyesoma insha zake tatu ataitambua ya nne hata ikikosa jina.