Kompyuta Mpya Inapokataa Mtandao wa Nyumbani (Sehemu ya Pili)

Kompyuta ya kwanza huingia kwenye Wi-Fi bila taabu. Matata huanza ukiongeza ya pili au ya tatu: alama ya mtandao imejaa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Hapo wengi hukimbilia kile kitundu cha nyuma ya ruta kinachofuta mipangilio yote. Nakusihi usikiguse. Utakata hata kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi.

Soma anwani kwanza. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha utafute mstari wa IPv4. Nambari ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejitungia yenyewe. Kabla ya kumpigia simu anayekuuzia intaneti, tazama fungu la anwani ambazo ruta inagawa. Lina kikomo, na simu ya mgeni aliyeondoka jana huenda bado imeshikilia yake. Ongeza fungu hilo, au fupisha muda wa kila anwani.

Ikianza na 192.168, kwa kawaida ruta na kompyuta zimeshaelewana. Sasa angalia saa. Kompyuta nyingi tunazonunua zimetumika ng'ambo kwanza, na kibetri chake cha duara, CR2032, kimekufa. Tarehe ikirudi nyuma miaka kadhaa, tovuti hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama husomwa kwa tarehe.

Kama jina la mtandao halionekani kabisa wakati simu inaliona, yumkini ruta inatangaza kwa GHz 5 na kompyuta kuukuu inasikia GHz 2.4 pekee. Washa zote mbili.

Kwa wakazi wa Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981, kuna jambo ambalo vitabu vya ruta havilitaji. Gesi ile yenye harufu ya mayai viza, salfidi ya haidrojeni, huishambulia shaba na fedha. Mtandao ukikatika ovyo kwa kompyuta zote, chomoa waya unaoingia kwenye ruta, umulike vipini vyake kwa tochi. Vikiwa vimefanya weusi, badilisha kichwa cha waya. Na ukuta wa mabati hurudisha mawimbi, basi weka ruta chumba kimoja na kompyuta unayoijaribu.

Wiki ijayo: kompyuta mbili zinazogombania anwani moja.