Mituweli: mfuko mmoja, wagonjwa wengi

Mwezi huu tuongee juu ya mituweli. Hapa Rubavu tunaisikia kila siku, sokoni na kwenye mlango wa kituo cha afya. Jirani anaingia, analipa kidogo tu, anatoka na dawa. Sisi tunajiuliza: zile pesa zingine nani analipa?

Jibu ni kwamba zinalipwa na wale ambao mwaka huo hawakuugua. Kila mtu anatoa mchango kabla ya ugonjwa, na mfuko unamlipia yule aliyepatwa. Kwetu Kongo jambo hili si geni. Huko Bwamanda, hospitali ilianzisha bima ya namna hii mwaka 1986. Rwanda ilijaribu mwaka 1999 katika wilaya tatu, halafu ikaeneza nchi nzima. Mwaka 2003 watu 7 tu katika 100 walikuwa na mituweli. Mwaka 2010 walizidi 90.

Pesa zinatoka wapi?

Kwanza, kwenye familia zenyewe. Tangu 2011 watu wengi walipangiwa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka, na maskini kabisa walilipiwa na serikali. Pili, serikali inaongeza. Tatu, bima zingine za afya, zile za watu wenye kazi, nazo zinatakiwa kutoa sehemu kwa mfuko huu. Na tangu 2020 mfanyakazi wa mshahara anakatwa nusu ya faranga katika kila faranga 100 anazopokea. Kwa hiyo mwalimu au karani anasaidia kumtibu mama wa shambani ambaye hamjui. Tangu Julai 2015 mfuko unasimamiwa na RSSB.

Mgonjwa naye anaongeza kidogo: kwa miaka mingi imekuwa faranga 200 kituoni, na asilimia 10 ya bili hospitalini. Lakini kuna njia ya kufuata. Unaanza kituo cha afya, ndipo unapewa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya. Ukiruka kituo bila dharura, bili yote ni yako.

Kule kijijini wako pia washauri wa afya, wale wanaoitwa abajyanama b'ubuzima. Wanatibu malaria, kuharisha na kichomi kwa watoto wadogo. Ushirika wao unapata pesa za serikali na wafadhili. Mtoto akitibiwa mapema nyumbani, mfuko hauna haja ya kulipa kitanda cha hospitali.

Na sisi wakimbizi je?

Kambini tunatibiwa kwa pesa za HCR na washirika wake. Kwa wakimbizi wa mijini, mwaka 2019 serikali na HCR walikubaliana waingie mituweli, na HCR ikawalipia michango. Basi mkimbizi akapanga foleni moja na mwenyeji. Lakini tusijidanganye, jamani: pesa za wafadhili hazina ahadi, na mwaka 2025 tuliona misaada ikikatwa sehemu nyingi za dunia. Anayehamia mjini asingoje kuugua ndipo aulize.

Wenyeji wana dawa ya jambo hili: kikundi cha akiba, ikimina. Tupige hesabu. Familia ya watu 6, kwa faranga 3,000 kila mmoja, ni 18,000. Kutoa mara moja ni mlima. Lakini ukigawa kwa juma 52, ni kama 350 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa mituweli unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo akiba ianze mapema, na muulize ofisini kiwango cha mwaka huo.

Wazazi, ongeeni jambo hili nyumbani jioni ya leo. Homa ya mtoto haingojei mshahara.