Mahali pa Kukatia Hadithi: Funzo Litokalo katika Sinema za Flash Gordon

Mwalimu mwanafunzi anapoandaa somo la hadithi hushughulika sana na mwanzo wake na mwisho wake. Ikiwa hadithi ni ndefu na yahitaji vipindi vitatu au vinne, mahali pa kuikatia hapafikiriwi; kengele ndiyo hukata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mahali hapo pana kanuni zake, nazo huonekana wazi katika sinema za mfululizo zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1930 kutokana na hadithi za picha za magazetini.

Yafaa kwanza tueleze asili ya sinema hizo. Tarehe 7 Januari, 1929, hadithi ya picha ya Buck Rogers ilianza kuchapwa magazetini. Ilimhusu mtu aliyepatwa na usingizi mzito akaja kuamka katika karne ya 25. Mtungaji wake alikuwa Philip Nowlan, na mchoraji Dick Calkins. Miaka mitano baadaye Alex Raymond alianza kuchora Flash Gordon, kijana anayesafiri kwa roketi hadi sayari ya Mongo, inayotawaliwa na mfalme katili aitwaye Ming. Kampuni ya Universal ilizifanya hadithi hizi kuwa sinema: Flash Gordon mwaka 1936 katika sehemu 13, kisha mwaka 1938 katika sehemu 15, na tena mwaka 1940 katika sehemu 12. Buck Rogers ilitoka mwaka 1939, nayo ilikuwa na sehemu 12. Shujaa katika zote nne aliigizwa na Buster Crabbe, mwogeleaji aliyepata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1932.

Sehemu moja ilichukua dakika 20 hivi. Watoto waliitazama juma hili, wakaenda nyumbani, nao wakalazimika kungoja juma zima kabla ya kuona iliyofuata. Mwalimu atatambua mara moja kwamba hali hii yafanana na ya darasa lake.

Kila sehemu ilianza kwa kuwakumbusha watazamaji yaliyopita. Katika sinema ya mwaka 1938 jambo hili lilifanywa kwa michoro iliyofanana na ile ya gazetini; katika ile ya mwaka 1940 kwa maandishi yaliyopanda polepole kwenye kiwambo, mtindo ambao George Lucas aliutumia katika Star Wars mwaka 1977. Marudio hayo yalikuwa mafupi. Hayakurudia kila jambo, ila yale tu ambayo mtazamaji angeyahitaji ili aelewe kinachofuata. Mtoto aliyekosa kuja juma lililopita aliweza kuingia na kufuata kisa bila kuona haya. Katika madarasa yetu, ambamo mtoto huweza kukosa siku mbili kwa homa au kwa kazi za nyumbani, marudio ya namna hii si pambo. Michoro minne ya haraka ubaoni yatosha.

Lakini jambo kubwa zaidi ni mwisho wa sehemu. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza ya mwaka 1936, Flash anapigana uwanjani na viumbe wanaoshabihi nyani. Aura, bintiye Ming, aliyevutiwa na ujasiri wake, anajitosa kumsaidia. Sakafu inafunguka, na wote wawili wanatumbukia shimoni. Hapo kisa kinakatwa. Mtazame mtoto aliyeachwa hapo: hakuachwa mikono mitupu. Anajua kwamba Aura ni binti wa mfalme, na aweza kujiuliza kama baba, hata awe katili namna gani, atakubali mwanawe aangamie. Taharuki ya namna hii ni ya haki, kwa kuwa inampa mtoto kitu cha kufikiri nacho.

Ipo taharuki nyingine ya udanganyifu, nayo sinema za mfululizo za wakati ule hazikuikwepa daima. Gari lilionyeshwa likiporomoka jabalini pamoja na shujaa. Juma lililofuata akaonyeshwa akiruka kabla halijaporomoka, jambo ambalo halikuonekana hapo awali. Katika mazoezi ya kufundisha niliwahi kumsikia mwalimu mwanafunzi akimwacha sungura mdomoni mwa simba, na kesho yake akasema kwamba ilikuwa ndoto tu. Watoto walicheka kidogo. Kipindi kilichofuata alipouliza, “Mnadhani itakuwaje?” hakuna aliyenyosha mkono, nami sikuwalaumu. Bibi Shaharazadi wa Alfu Lela Ulela angekatwa kichwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo, katika andalio la somo, mwalimu aandike swali atakaloliacha kwa wanafunzi, na kando yake ataje jambo lililokwisha simuliwa ambalo litamwezesha mtoto kulijibu. Asipolipata jambo hilo, basi asogeze mahali pa kukatia.

Somo la sayansi nalo lina faida humu. Roketi za sinema hizi zilikuwa vinyago vidogo vilivyoning'inizwa kwa nyaya, na moshi wake ulipanda juu taratibu kama wa jiko la kuni. Waulizwe wanafunzi wa darasa la sita kwa nini moshi hupanda, na kama ungepanda vivyo hivyo mahali pasipo hewa.

Akitaka kukisimulia kisa chenyewe, mwalimu awe mwangalifu. Jina la Ming ni la nasaba ya wafalme wa China, na sura aliyopewa, kwa ndevu, nyusi na mavazi yake, ilitokana na hofu na dharau waliyokuwa nayo Wamarekani wengi wa siku zile kwa watu wa Asia. Katika hadithi ya Buck Rogers ya gazetini maadui walikuwa Wamongolia. Sinema ya mwaka 1939 iliwaacha, ikamweka mhalifu aitwaye Killer Kane. Kisa hakikupungukiwa kitu kwa badiliko hilo. Mwalimu naye aweza kumpa mfalme wa Mongo jina na sura isiyo ya taifa lolote, na watoto watamwogopa vilevile.