Utangulizi: Fedha za Hisani na Ujirani wa Afrika Mashariki

Taaluma unayoingia huchunguza fedha za hisani: zinatoka kwa nani, zinapita mikononi mwa nani, na zikiisha zinaacha nini. Myanga, kaunti ya Bungoma, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mpaka wa Uganda uko karibu, na Wabukusu wa huku ni ndugu na Wagisu wa ng'ambo, kwa hiyo ushirikiano wa kikanda hapa ni jambo la kila siku.

Tazama mifano miwili. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Julius Nyerere akiwa mkuu wake. Wakfu wa Rockefeller na ule wa Ford, yote ya Marekani, ilisaidia kugharimia walimu na masomo ya juu ya vijana ambao wangeshika nafasi za wageni. Lakini kila serikali ilitaka chuo kikuu chake, na mwaka 1970 muungano ukavunjika. Wasomi walibaki, na wengi wakaongoza vyuo na wizara.

Mwaka 2006 Andrew Youn, Mmarekani, alianzisha One Acre Fund hapa Bungoma na familia 38 za wakulima. Walipewa mbegu na mbolea kwa mkopo, wakafundishwa upandaji bora, wakalipa kidogo kidogo. Leo shirika hilo linaitwa Tupande nchini Kenya na Tubura nchini Rwanda, na limefika pia Burundi, Tanzania na Uganda. Marejesho ya wakulima hulipia sehemu ya gharama, wafadhili huongeza.

Hoja yangu ni hii: fedha za hisani hujenga ushirikiano wa kudumu pale mpokeaji anapokuwa na mchango na sauti. Mkulima wa Bungoma alikuwa na mazoea ya chama na harambee kabla mfadhili hajafika. Ndani ya vikundi hivyo ndimo watu hujifunza kutunza daftari, kudai maelezo na kumwondoa kiongozi mzembe.

Basi, kabla ya kufungua ripoti za wafadhili, hudhuria mkutano wa chama cha kijijini kwako. Uliza nani huamua, nani hukagua hesabu, na mwanachama asiyeridhika hufanya nini. Kisha muulize mfadhili mkubwa maswali hayohayo, bila kumpunguzia hata moja.