Spika Moja za Masikioni, Simu na Kompyuta Nyingi

Siku hizi si ajabu hapa Mang'ula kumwona mwanakwaya akijifunza sauti yake kwa spika ndogo za masikioni zisizo na waya, au mseminari akisikiliza mhadhara huku anafua. Spika hizo leo zinatumika na simu, kesho na kompyuta, keshokutwa zinaazimwa na ndugu. Hapo ndipo tunasikia: "Zimekufa!" Wengine hununua nyingine, kumbe zile za kwanza ni nzima kabisa.

Kinachounganisha spika na simu ni Bluetooth, yaani mawimbi ya redio ya masafa mafupi, kwa kawaida kama mita 10. Kazi hiyo ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi. Jina ni la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha nchi yake. Jiwe lake la Jelling linasema pia kwamba aliwafanya watu wake kuwa Wakristo. Wahandisi nao walitaka kuunganisha vifaa vya kampuni mbalimbali. Ndiyo maana AirPods za Apple hufanya kazi hata na simu ya Android. Utakosa mambo kadhaa, kama kuhama zenyewe kutoka kifaa kimoja kwenda kingine, lakini sauti utaipata. Kwa lugha ya darasani kwetu, kiini kinabaki. Vinavyopotea ni vya ziada.

Kabla ya kutumika, spika na simu lazima zitambulishwe. Huko ndiko kuoanisha. Fungua mipangilio ya Bluetooth kwenye simu au kompyuta, weka spika katika hali ya kuoanishwa (nyingi huhitaji kubonyeza na kushikilia kitufe cha kisanduku chake hadi taa iwake na kuzima), kisha chagua jina lake. Kompyuta ya zamani isiyo na Bluetooth huhitaji kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB.

Baada ya hapo spika hukumbuka. Ukizitoa kwenye kisanduku, kwa kawaida hutafuta kifaa kilichotumika mwisho. Kama ni simu ya ndugu aliye chumba cha pili, zitaungana nayo, na wewe utadhani zimeharibika. Mwombe azime Bluetooth, kisha uunganishe yako. Zipo zinazoshika vifaa viwili kwa pamoja, lakini si zote.

Kumbukumbu hiyo inadai uangalifu. Ujumbe wa sauti wa muumini anayeomba ushauri unaweza kusikika kwenye sikio lisilohusika. Kwa hiyo, ukirudisha spika za kuazima, au ukimaliza kutumia kompyuta ya wote, ziondoe kwenye orodha ya vifaa.

Jambo lingine huwashangaza wanaohudhuria vikao kwa kompyuta: muziki unasikika vizuri, lakini kikao kikianza sauti inakuwa kama ya simu ya zamani. Si ubovu. Bluetooth ya kawaida hutumia njia moja kwa kusikiliza tu, na nyingine, yenye ubora mdogo, kwa kusikiliza na kuzungumza. Chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, na mara nyingi sauti nzuri itarudi.

Mwisho, tulinde masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Na unapovuka reli ya TAZARA au barabara ya Ifakara, zitoe zote mbili. Treni na bodaboda hazioanishwi na spika zako. Vivyo hivyo mwenzako anapokusalimia: Aristotle aliona kwamba kusikia husaidia sana hekima, kwa sababu tunafundishana kwa maneno. Sikio lililozibwa kutwa nzima litamsikia nani?